Oili Iliyoacha Kunuka

Oili ya gia inanuka, asikudanganye mtu. Ukifungua kopo lake unapata harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na kwa mbali yai viza, na ikishika vidole itakaa hapo mpaka kesho, unawe kwa sabuni ya kipande usinawe. Darasani wenzangu walikuwa wakinisogea mbali kwenye dawati. Mimi niliipenda. Nilikuwa na miaka kumi hivi, tukikaa Kamukuywa, si mbali na lami, na baba yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza pale kuacha boda ya baiskeli na kununua pikipiki. Jioni alipoingia uani na kuzima injini, mimi tayari nilikuwa nimelishika kopo. Kupaka mnyororo oili ilikuwa kazi yangu, mimi Nekesa, msichana, na kaka zangu walinionea wivu hadi basi.

Baba alinifundisha mwenyewe, kwa makini ya mtu anayefundisha sala. Kwanza pikipiki isimame kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lielee. Ufunguo utoke na ukae mfukoni mwangu, kwa sababu alimjua kijana wa Misikhu aliyepaka oili injini ikiunguruma na tangu hapo anasalimia watu kwa mkono wa kushoto. Kisha mswaki mzee na mafuta ya taa kidogo kuondoa vumbi, kisha kitambaa kikavu. Ndipo oili ianze kudondoka, tone kwa tone, upande wa ndani wa mnyororo, pale chini, huku mkono wangu mwingine ukizungusha gurudumu polepole. "Ukipaka nje unapamba," alikuwa akisema. "Mnyororo unakula kwa ndani." Mwisho nilipangusa nje mpaka kitambaa kikatoka karibu safi, maana oili ikibaki nje inaalika vumbi, na vumbi la njia ya Matulo wakati wa kiangazi halina haya. Ilikuwa lazima jioni, mnyororo ungali na joto la safari, ili oili ipenye na kulala humo. Wenzake wa stendi ya boda walimcheka. Wao walitumia oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo watu hupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Ilipatikana bure kwa fundi yeyote, na waliamini kabisa kwamba weusi wake ndio nguvu. "Hiyo yako ni uji wa mgonjwa, bana," walimwambia. Baba aliwajibu kwamba oili chafu ina unga wa chuma ndani yake, na ukiuchanganya na vumbi umejitengenezea msasa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na pikipiki yake ilipita kimya huku zao zikikwaruza barabara nzima.

Oili ya gia ya kuaminika haikupatikana Kamukuywa siku hizo. Ilitoka Kitale, na aliyetumwa kuileta ni ndugu ya mama, yule ambaye sisi Wabukusu humwita khocha. Alikuwa na shamba nje ya Kitale, ng'ombe wa kulima, pikipiki yake mwenyewe, na ulimi mtamu ajabu. Khocha ni mtu mzito kwetu. Baraka zake zinatafutwa, laana yake inaogopwa, na msichana akiolewa, kuna ng'ombe ambaye ni wake yeye, hata mkwe awe fukara vipi. Lakini mimi sikumpenda kwa sababu ya mila. Nilimpenda kwa sababu aliniita fundi wangu mbele ya kaka zangu, na kila alipokuja na mkate wa duka, kipande cha mwisho, kile chenye ngozi, kilikuwa changu. Nilipoisikia pikipiki yake ikikata kona, nilitimua mbio hadi langoni kumpokea.

Kiangazi kimoja akaleta kopo kama kawaida. Kopo lilikuwa lile lile, lakini oili ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nyepesi mkononi, na haikunuka kitu. Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ati hainuki? Si hiyo ni ya kisasa, fundi wangu! Harufu wameiondoa kiwandani. Babako mwenyewe ndiye amechagua." Basi, nikaamini. Ningekosaje kumwamini? Nikaipaka jioni baada ya jioni, kwa ndani, tone kwa tone, nikapangusa kama nilivyofundishwa. Baba akaanza kulalamika kwamba mnyororo unalegea. Anaukaza leo, wiki ijayo umelegea tena, na meno ya sproketi, lile gurudumu dogo linalovutwa na mnyororo, yanachongoka kama misumari. Mimi nikaongeza bidii. Nikaongeza oili, maskini mimi, nikidhani ndiyo dawa.

Mnyororo ulikatika asubuhi, baba akiteremka kuelekea Misikhu na gunia la mahindi nyuma. Ulijisokota kwenye gurudumu, gurudumu likakwama, naye akarushwa mtaroni. Mguu ulivunjika chini ya goti. Alirudi nyumbani na plasta mpaka pajani, akalazwa kwenye kochi, na siku hiyo hiyo khocha akaja kumpa pole. Baba akaomba aletewe ule mnyororo. Naukumbuka mkono wake. Aliushika mnyororo, akasugua gumba na kidole, akavipeleka puani, akakaa hivyo kidogo, halafu akajipangusa kwenye shuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikidhani anakagua kazi yangu. Khocha akakohoa. "Shemeji, tusitafute mchawi. Mtoto ni mtoto. Mimi nimemwona mara nyingi, anapaka haraka haraka, hapangusi, anakimbilia kucheza mpira wa kati na wenzake. Si tumsamehe tu?" Nilimtazama baba nikingoja acheke. Nilingoja aseme, huyu, fundi wako, hapangusi? Akatazama ile plasta. Akasema, "Nekesa, usiguse pikipiki yangu tena."

Nilitoka nje nikilia hata njia siioni. Pikipiki ya khocha ilikuwa imeegeshwa chini ya upenu wa jikoni, na nilipoipita, harufu ikanipiga. Kiberiti na yai viza. Nikachutama, nikaweka pua kwenye mnyororo. Ulikuwa unang'aa, laini, umelishwa vizuri kwa ndani. Kumbe! Oili ya baba ilikuwa ikiishia hapa, na kopo letu lilijazwa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wangu mimi alikuwa wa damu, aliyenikatia mkate. Nikaingia jikoni nikamwambia mama yote. Alikuwa akisonga ugali, na mwiko haukusimama. "Nyamaza," alisema bila kugeuka. "Huyo ni khocha wako. Kesho kutwa ndiye atakayekula ng'ombe wako. Unataka akulaani?" Nikanyamaza. Mnyonge hana haki, na mtoto wa kike jikoni kwa mama yake ni mnyonge wa wanyonge.

Mvua ikaja. Ng'ombe wa khocha ndio waliolima shamba letu mwaka huo, na mimi ndiye niliyempelekea uji shambani. "Asante, fundi wangu," alisema, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaka yangu mkubwa akapewa kazi ya mnyororo. Aliupaka kwa nje, bila kuzungusha gurudumu, na hakuna aliyemwambia neno.

Siku hizi naishi Kitale, kazi yangu ni kutibu mifugo, na nina pikipiki yangu. Nilipoposwa, khocha alikuja Kamukuywa na koti lake la Jumapili kuchukua ng'ombe wake. Akasimama mbele ya wageni akasema huyu bibi harusi alikuwa fundi wake wa pikipiki tangu utotoni. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikamkuta baba amekaa peke yake, mguu ameunyoosha kama anavyounyoosha tangu siku ile. Nikamwambia, baada ya miaka yote hiyo, "Baba, khocha ndiye aliyebadilisha oili."

"Najua, mama," alisema. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Nilijua siku ile ile. Mnyororo haukuwa na harufu."

Nikamwuliza kwa nini, basi. Hakukasirika. Alieleza taratibu, kama alivyokuwa akieleza mambo ya sproketi. "Mvua ilikuwa inakuja. Mguu uko kwa plasta, na ng'ombe wa kulima ni wake. Ningemtaja mwizi, tungekula nini? Nikaona wewe ni mtoto, bana. Nikajua utasahau."

Sikusahau. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, lakini fahali wangu hawakupigana hata. Walikubaliana kimya kimya, na nyasi nikawa mimi. Khocha nilikuwa nimekwisha kumzoea kwa uovu wake. Huyu wa pili ndiye aliyenivunja, na alinivunja nikiwa nimevaa nguo ya sherehe.

Leo maduka ya Kitale yamejaa makopo ya oili ya kupuliza yenye picha za pikipiki za mashindano, na vijana wa stendi bado wanapaka ile nyeusi. Mimi nanunua oili ya gia, na siitoi dukani kabla sijaifungua na kuinusa. Muuzaji amenizoea. Juzi baba alinitembelea. Jioni niliporudi kutoka kazini alinipokea uani, akaitazama pikipiki, akaona mnyororo bado una joto. Macho yake yakachangamka kama zamani. Akaokota kitambaa, akaanza kuinama kwa shida juu ya ule mguu. "Lete kopo, mama, nikupakie."

Nilimtolea kiti, nikamwekea chai. Halafu nikakitoa kitambaa mkononi mwake, kwa heshima zote. "Usiguse pikipiki yangu, baba," nikamwambia, nikachutama kuipaka mwenyewe.