Magoti ya Mama Hayakuhama

Ujumbe ulikuja asubuhi wakati nafungua duka. Nina duka la steshenari pale Rubwera, jirani na ofisi za wilaya. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nawapiga picha za pasipoti watu waliovaa koti la kuazima. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Kazi ninayoipenda ni nyingine, na ndiyo iliyoniletea ule ujumbe: natengeneza watu wa katuni za 3D kwenye kompyuta, wale unaoweza kuwageuza ukawaona mgongo na ubavu, na ukiwapa mifupa wanatembea. Ujumbe ulisema programu ninayotumia inafungwa. Kampuni yake imeacha kuitunza, na kwa kuwa kila ukiifungua lazima kwanza iombe ruhusa kwao, mwaka ukiisha ruhusa haitatoka tena. Walinishukuru kwa kuwa pamoja nao, wakanitakia kila la heri.

Nilisoma, nikaweka simu chini, nikaendelea kumtolea mteja fotokopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Sikukasirika siku ile. Kukasirika nako kunataka nguvu, na mimi nguvu zangu zimepungua. Niliwaza kitu kimoja tu: mama yangu yumo mle ndani.

Ngoja nieleze. Kuna kikundi kinachotengeneza filamu fupi za wakulima, za kutazama kwenye simu. Walitaka katuni ya kufundisha kuhusu mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao kila mwenye kibanja cha migomba huku Kyerwa na kule Karagwe anaujua kwa machozi. Walihitaji bibi mmoja wa kijijini aingie kwenye kibanja cha jirani, asalimie, kisha aonyeshe namna ya kuvunja ua dume la mgomba kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa panga, maana panga ndilo linalobeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Bibi niliyemjua kuliko wote ni mama yangu mwenyewe, aliyeko nyumbani kwetu Kaisho. Nikamtengeneza yeye.

Katika kazi hii mtu huundwa akiwa amesimama wima, mikono kainyoosha huku na huku, hana nguo, rangi ya majivu mwili mzima. Ndivyo wanavyofanya dunia nzima. Mikono ikiwa wazi ni rahisi kuingiza mifupa, na nguo huja baadaye. Nikaenda Kaisho nikamwonyesha mama hatua hiyo ya kwanza kwenye simu. Aliitazama, akailaza simu kifudifudi juu ya meza.

“Maawe! Umenivua nguo ukanitundika msalabani?”

“Mama, huo ni mwanzo tu.”

“Basi anzia kwingine.”

Mama ni Mlutheri wa benchi la mbele, na akishasema amesema. Nikaanzia kwingine. Nilimuunda akiwa na kitenge chake tangu mwanzo, amepiga magoti, mikono mapajani, vile anavyokaa akimsalimia mtu anayemheshimu. Mifupa nayo nikaiingiza akiwa vilevile chini. Mtu wa fani akisikia hivyo anashika kichwa. Kwangu ilikuwa adabu ya kawaida. Nisingeweza kushinda dukani na mama yangu uchi kwenye kioo, wateja wakipita nyuma yangu. Na programu ile haikulalamika. Ilikubali kabisa kwamba mtu anaweza kuanzia chini, asimame baadaye.

Kazi kubwa ilikuwa kule kushuka. Nilimwomba nimrekodi akisalimia wageni, akakataa katakata. Alisema mtu hapigwi picha akiwa chini. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakaa kwenye kona ya sebule kama mtu asiye na shughuli, namwangalia. Macho yalishuka kwanza, kabla ya mwili. Mkono wa kushoto ukakusanya kitenge. Likatangulia goti la kushoto, la kulia likafuata, bila kishindo. Halafu kabla ya sauti kutoka palikuwa na kituo kidogo, kimya kifupi kichwa kikiwa kimeinama, ndipo akasalimia. Kituo kile nilikipenda sana. Nilikiona ndicho heshima yenyewe. Narudi Rubwera, nasahihisha, Jumapili inayofuata narudi tena Kaisho, na msimu mzima wa kahawa ukaishia humo. Siku nilipomaliza, mke wangu alipita nyuma yangu na beseni la nguo, akasimama ghafla.

“Mama kafika saa ngapi?” akauliza.

Sijawahi kusifiwa hivyo, na sidhani nitasifiwa tena.

Filamu ilipotoka, mwenzangu wa Mwanza anayeunganisha picha alimwonyesha mama kuanzia kifuani kwenda juu tu. Magoti hayakuonekana. Nilinung'unika, akasema simu za wakulima ni ndogo, cha muhimu ni uso. Magoti yalikuwa kwenye faili langu, na faili lilikuwa salama.

Tangu hapo magoti halisi ya mama yameisha. Hospitali waliyapa jina refu; mama anasema yameisha, basi. Siku hizi anakaa kwenye kigoda na wageni ndio wanaoinama.

Sasa nikalazimika kuhama. Programu nyingine inayofaa ni ya washindani wa ile iliyofungwa, na ndiyo anayotumia mwenzangu wa Mwanza. Kampuni hizo mbili zimeviziana miaka mingi, kila moja ikihakikisha mteja wake hapati njia nyepesi ya kwenda kwa mwenzake. Kuna aina ya faili la katikati ambalo zote mbili zinadai zinalielewa. Zinalielewa kama mimi ninavyoelewa Kirundi cha vibarua wanaotusaidia kuvuna kahawa: majina ya vitu nayapata, utani unanipita. Nikaahirisha. Mara umeme, mara watu wa maombi ya kazi wamejaa dukani. Siku za mwisho za mwaka ndipo nilipomtoa mama kwenye programu ya kwanza na kumfungua kwenye ya pili.

Akatokea. Amepiga magoti, mikono mapajani, kitenge na maua yake yote. Nikashusha pumzi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikafunga kompyuta, nikaenda Kaisho kula Krismasi.

Mwezi wa kwanza kikundi kikataka filamu nyingine, na bibi yuleyule. Nikamfungua, nikamwamuru asimame kisha apige magoti. Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kimetokea. Programu ya pili inaamini kila binadamu huanza akiwa wima, mikono wazi. Ilipomkuta mama chini, ikahesabu kwamba huko chini ndiko kusimama kwake. Nilipomwambia apige magoti, akayakunja mara ya pili juu ya mkunjo wa kwanza. Miguu ikapinda ikapita kwenye mgongo. Kitenge kikabaki hewani peke yake. Macho, yaliyopaswa kushuka, yakakodoa juu ya paji. Nikafunga kompyuta haraka kabla mteja hajaona.

Nikaikimbilia programu ya kwanza. Ikaomba ruhusa, ikanyimwa. Nikajaribu tena, nikajaribu kesho yake na keshokutwa, kama mtu anayegonga nyumba aliyoambiwa watu wamehama.

Nilimpigia mwenzangu wa Mwanza.

“Kaka,” akasema, “mnyooshe asimame, mikono wazi, uingize mifupa upya. Umbo si unalo?”

“Umbo ninalo. Mwendo ndio sina. Kushuka kwake, macho, kitenge, vyote nilivifunga kwa kanuni za programu ile. Hazikuhama.”

“Basi magoti yaondoe. Akiingia apunge mkono, inatosha.”

“Aingie kibanja cha mtu, apunge mkono?”

“Nani atajali?”

“Huku watajali.”

“Kaka, umechoka. Kalale.”

Ilikuwa saa sita mchana. Lakini kweli nilikuwa nimechoka, uchovu ule ambao kulala hakuuondoi. Nilichoka na kampuni zinazogombania wateja na kutuachia sisi kuokota mifupa. Nilichoka na fani ambayo kila baada ya muda inakurudisha darasa la kwanza. Nikafanya alichosema. Nikamnyoosha mama, nikamtandaza mikono, na safari hii alikuwa na nguo yake, lakini nilipomtazama nililisikia lile neno la msalaba. Kisha nikajaribu kumshusha kwa kukumbuka. Sikuweza. Nilijua mpangilio, macho, mkono, goti. Mwili ndio sikuujua tena. Kila nilichotengeneza kilikuwa mtu anayeanguka taratibu.

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Kaisho. Nilimkuta mama kwenye mlango wa jiko, juu ya kigoda chake, anamenya ebitoke, ndizi za kupika. Nikamwambia shida yangu: yule bibi wa kwenye kompyuta amesahau kupiga magoti, nataka anielekeze alivyokuwa anafanya.

“Nilikuwa napiga tu,” akasema. “Nitajuaje? Wewe piga nikuone.”

Nikaiegemeza simu kwenye ndoo ili inirekodi mimi, maana mimi kupigwa picha nikiwa chini hakunidhuru. Nikapiga magoti pale kwenye nyasi, mwanaume mwenye mvi na kitambi, shati langu la dukani.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia. “Unashuka kama unatafuta sindano. Rudia.”

Nikarudia.

“Umetanguliza goti la kulia. Wewe ni wa wapi?”

Nikarudia tena. Akacheka, kisu mkononi, mpaka akajipangusa macho kwa kitenge. Nikaona bora niendelee kuchekwa kuliko kurudi mikono mitupu. Nikashusha macho, nikakusanya kitenge ambacho sikuwa nacho, goti la kushoto, la kulia, nikainamisha kichwa, nikangoja.

“Mbona huongei?” akauliza.

“Ulikuwa unangoja hapa, mama. Kidogo. Ndipo unasalimia.”

“Nani kakwambia?”

“Nilikuwa nakuangalia. Ilikuwa heshima yako, ile.”

Mama akaweka kisu juu ya maganda. Alinitazama pale chini kwa namna ya mtu anayeamua kama jambo lina maana ya kusemwa.

“Ilikuwa maumivu, baba,” akasema. “Goti likigusa chini linachoma mpaka kiunoni. Nilikuwa nangoja lipoe, sauti isije ikatoka vibaya mbele ya wageni.”

“Tangu lini?”

“Tangu wewe uko mgongoni.”

Nilikuwa nimekaa kwenye kona ya sebule Jumapili zote zile, jicho kali, napima hadi ukunjo wa kitenge. Nilikuwa nimeyachukua maumivu ya mama yangu nikayatengenezea kanuni yajirudie bila kukosea, kisha nikaumia roho yalipopotea. Niliona aibu. Mama akaokota kisu akaendelea kumenya.

“Inuka,” akasema. “Nyasi zina majimaji.”

Nikarudi Rubwera. Nikaifanya kazi jioni baada ya kufunga duka, nikiifuata ile rekodi ya simu: mwili wangu ukielekezwa na mama. Programu ya pili haikuleta ubishi, maana safari hii mifupa ilianzia wima, inavyotaka yenyewe. Macho yakashuka. Mkono ukakusanya kitenge. Goti la kushoto, la kulia. Nilipofika kwenye kile kituo, mkono ukaenda wenyewe kukiweka, nikauzuia. Sikukiweka. Bibi anashuka, magoti yanagusa nyasi, na hapohapo anasalimia kwa sauti nzima.

Jumapili nikampelekea mama aone. Nilimshikia simu kivulini ili jua lisififishe kioo. Alitazama bibi akiingia kwenye kibanja, akishuka, akisalimia.

“Huyu si mimi,” akasema.

“Si wewe, mama.”

“Magoti yake ni mazima.”

“Ni mazima.”

Alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake, anajisugua polepole bila kujua kama anajisugua. Alikaa hivyo mpaka picha ikaisha na kioo kikawa cheusi.

“Mrudishe nimwone tena,” akasema. Nikamrudisha.