Kidole cha Mtu Asiyejua Kusoma

Kiangazi hiki, rafiki yangu, mwanangu wa mwisho alifika nyumbani akitokea machimboni, upande wa Bulyanhulu, na hakuja kunijulia hali. Alikuja na wenzake wawili, pikipiki mbili, na Biblia iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni kama nyama ya sikukuu. Walinipa shikamoo kwa pamoja, nikaitikia marahaba, nikaagiza waletewe viti, na kabla maji ya kunywa hayajafika walikwisha kunieleza shida yao. Walitaka kidole changu.

Nakueleza taratibu, maana najua hutaamini. Wachimbaji wadogo hufanya kazi katika mashimo wanayoyaita maduara, na kila duara lina namba yake, iliyopakwa rangi kwenye gogo la mlangoni. Kikundi cha mwanangu kilikuwa kimeliacha duara lake la kwanza, ambalo halikuwapa kitu, na sasa kilitaka kuchagua jingine. Huko kwao imezuka desturi ya kufungua Biblia kwa kubahatisha na kuweka kidole juu ya ukurasa huku macho yamefumbwa. Namba ya mstari ulioguswa ndiyo namba ya duara. Kidole kinachoaminiwa kuliko vyote ni cha mtu asiyejua kusoma, kwa sababu, wanasema, huyo hawezi kudanganya. Mwanangu alikuwa amewaambia wenzake kwamba mama yake hajakaa darasani hata siku moja. Aliwaambia kwa majigambo, kama mtu anayenadi ng'ombe mnadani.

Nikaomba nikishike hicho kitabu. Herufi sizijui, lakini kitabu nakijua. Ukingo wake ulikuwa mwekundu kwa udongo wa vidole vilivyoukandamiza kutafuta pa kufungulia. Ndani, kila nilipofunua, karatasi zilikuwa nyeupe na zimegandana kama siku zilipotoka kiwandani. Kilikuwa kimeguswa na kundi zima la watu na hakikusomwa na hata mmoja wao. Nikakilaza mapajani, nikawaambia wakae vizuri, kwa kuwa nilikuwa na jambo la kuwasimulia kwanza. Nakusimulia na wewe, kwa sababu wao hawakusikiliza.

Nililelewa katika kaya ya bibi yangu mzaa baba, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Masumbwe. Bibi naye hakusoma. Katika kaya zetu zote aliyejua kusoma alikuwa mmoja tu, jirani yetu mwinjilisti, ambaye siku za kazi alitengeneza baiskeli, na hata yeye alisoma kwa taabu. Aliliendea neno kama mtu anayevuka mto uliojaa, akijaribu jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga. Leo watu wanasikiliza Biblia inayojisoma yenyewe ndani ya simu, inakimbia sura nzima huku wanakaanga samaki, na jioni ukiwauliza wamesikia nini wanakutajia sauti ya msomaji ilivyokuwa nzuri. Mwinjilisti wetu hakuwa na sauti nzuri. Lakini alipofika mwisho wa mstari, kila mtu jamvini alikuwa amekwisha kuusubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuweza kuusahau.

Nasema jamvini kwa sababu mahali petu pa kusomea palikuwa penye pamba. Baada ya mavuno, pamba ilianikwa juu ya vichanja, kisha ikamwagwa juu ya majamvi kivulini mwa nyumba, na mchana kutwa tuliichambua: safi upande huu, ile yenye madoa na majani, ambayo tuliiita fifi, upande ule. Naikumbuka harufu yake ya jua na vumbi, na vikonyo vilivyokwaruza vidole mpaka ulaini wa mikono yetu ya kitoto ukaisha. Jikoni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ilichemka pamoja na karanga, na kutoka mbugani zilisikika kengele za ng'ombe zikisogea na kurudi. Jua lilipoanza kulegea, mwinjilisti alikuja na kitabu chake, akala, akafuta mikono, akasoma kipande kifupi. Kipande hicho kimoja tulikaa nacho juma zima.

Sheria ilikuwa ya bibi. Neno likisomwa, hakuna anayenyanyuka jamvini mpaka ameuliza swali moja, awe mtoto au mzee, na swali lililokwisha kuulizwa halihesabiki. Tena hairuhusiwi kulijibu siku hiyo hiyo. Ulilala nalo, ukachunga nalo, ukachota nalo maji, na kesho ukaja na jibu lako huku ukichambua pamba. Mwinjilisti aliweka unyuzi wa pamba fifi kwenye ukurasa ili kesho asipotee. Kitabu chake kilikuwa kimevimba kwa pamba, kimechakaa kati na si pembeni.

Usidhani ilikuwa raha. Kuna siku nilikaa jamvini mpaka kuku wakaingia bandani, kwa kuwa sikuwa na swali, na bibi hakunihurumia. Alikuwa akisema kwamba Mungu hakutupa kichwa ili tubebee mtungi tu. Mtu aliyesema "amina" kwa sauti kubwa bila kuuliza kitu alimwita ngoma, yaani yuko mtupu ndani, ndiyo maana anavuma. Nawakumbuka hao ngoma ninapopita leo mbele ya vipaza sauti vya wahubiri wa mjini, na sihitaji kukueleza zaidi.

Basi, mwaka mmoja mvua zilikatika mapema. Tulikuwa na kisima pembeni mwa mbuga, alichokichimba babu kwa mikono yake kabla hajafa. Ng'ambo ya mbuga ilihamia familia ngeni yenye ng'ombe wengi, na tuliwaruhusu kuchota. Asubuhi moja mama alikwenda na ndoo, akarudi nayo tupu. Kisima kilikuwa kimefukiwa. Udongo, mawe, matawi ya miiba juu yake, kazi ya watu wengi kwa usiku mmoja.

Baba na baba zangu wadogo wawili waliinuka mara moja. Walichukua fimbo. Mmoja alikwenda kuchukua upinde uliokuwa umening'inia juu ya kitanda, na hapo mama alianza kulia, kwa sababu fimbo huenda na kurudi, lakini upinde unapotoka hurudi na mazishi. Bibi aliketi mlangoni, akauziba kwa mwili wake wote. Aliwaambia kwamba juma hilo wanaume nao watachambua pamba.

Wewe hujui hilo lilikuwa tusi la namna gani. Kuchambua ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Baba mdogo alimwambia, "Mayu, mama yetu, tusikae na pamba huku maji yetu yamezikwa. Watatucheka."

Bibi akamjibu, "Fimbo itakuwepo kesho. Swali lako liko wapi leo?"

Walikaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumruka mama yake mlangoni. Mwinjilisti akaitwa mapema, na bibi akamwagiza atafute habari za yule mtu ambaye visima vya baba yake vilifukiwa na jirani zake. Aliitafuta kwa muda mrefu, akaipata: Isaka, mwana wa Ibrahimu. Alichimba kisima, wakamgombania, akaondoka. Akachimba kingine, wakamgombania, akaondoka tena, mpaka alipochimba ambacho hakuna aliyekigombania. Mimi, niliyekuwa katika umri wa kung'oka meno, niliuliza kama Isaka huyo alichimba karibu na reli, kwa kuwa mjomba alikuwa amepanda treni katika kituo chenye jina hilo. Watu wazima walicheka, hata baba, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bibi hakucheka. Alisema mtoto ameuliza visima vilikuwa wapi, nalo ni swali.

Baba aliuliza kwa nini mtu mwenye watumishi na mifugo kama Isaka hakupigana. Akalala nalo. Kesho yake alijibu mwenyewe, akiwa na pamba mkononi na uso umenuna, kwamba huenda Isaka alihesabu watoto wake kwanza. Baba mdogo, yule wa upinde, alikaa siku mbili bila swali, na siku zote mbili bibi alimzuia jamvini hadi giza lilipoingia. Siku ya tatu aliuliza, kwa hasira, ili aachiwe tu aondoke: "Hao waliofukia visima walikunywa nini?"

Lilikuwa swali la kweli. Waliokifukia kisima chetu nao walikuwa wakikitegemea. Nani anafukia maji anayokunywa, katika kiangazi, bila sababu? Kesho yake hakuna aliyeleta jibu, kwa kuwa halikuwepo jamvini; lilikuwa ng'ambo ya mbuga. Bibi akawaambia waende kulichukua, mikono mitupu.

Walikwenda, na huko wakamkuta mtoto wa miaka minne amelala juu ya ngozi, kichwa kimefungwa kitambaa. Alikuwa ametumbukia kisimani mwetu. Mchungaji mmoja alimsikia akilia chini, akamtoa akiwa hai kwa shida. Tangu babu afe, hakuna aliyekuwa amerudishia uzio wa miiba kuzunguka kisima. Kila mtu nyumbani aliona umeoza, na kila mtu alimwachia mwingine. Baba wa mtoto alikifukia kwa hofu na uchungu usiku ule ule, na alikuwa akitusubiri, naye akiwa na upinde wake.

Siku ya tano mwinjilisti alifungua mahali pengine, hakutumwa na mtu. Alitusomea agizo la zamani, katika kitabu hicho hicho, kwamba mtu akichimba shimo na asilifunike, mnyama wa mwenzake akatumbukia humo, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Baba alisikiliza akiwa ameinama. Hakuuliza kitu siku hiyo, na kwa mara ya kwanza bibi alimruhusu anyanyuke. Kisima kikafukuliwa na wanaume wa kaya zote mbili, kikazungushiwa uzio uliosukwa imara, na yule mtoto aliyetumbukia nilimwona baadaye akiwa mtu mzima, na watoto wake.

Hayo ndiyo niliyowasimulia wageni wangu wa pikipiki. Nilipomaliza nikamtaka kila mmoja aulize swali moja, na nikaahidi kwamba wakiuliza vizuri tutazungumza habari ya kidole. Wa kwanza alisema, "Bibi, sisi tunatafuta duara, hatujaja shule." Wa pili aliuliza kama tunaweza kuharakisha, kwa sababu pikipiki moja ni ya kuazima. Hilo nalo ni swali, alisema, wakacheka wote wawili. Mwanangu alitazama viatu vyake. Nikawaambia kwamba kidole changu kimechambua pamba nyingi, na fifi kinaijua hata macho yakiwa yamefumbwa. Wakaondoka, na mwanangu akapanda nyuma ya mmoja wao. Baadaye nilisikia kwamba walipata kidole kingine, cha bibi kizee wa kijiji cha pili, na walimpa kilo ya sukari.

Nilimchukia mwanangu kwa majuma matatu. Sioni haya kulisema. Nilimbatizisha, nikamfundisha sala, nikampeleka shule ambayo mimi sikupelekwa, na yeye, anayejua kusoma, alikuja kwangu kwa sababu mimi sijui.

Kisha akarudi, asubuhi, kwa miguu kutoka barabarani, peke yake. Alikaa palepale alipokaa mara ya kwanza. Alikunywa uji wote kabla ya kusema.

"Mama," akasema, "baba yako mdogo yule asingeuliza, mngejua lini kwamba kosa lilikuwa uzio?"

Nikamwambia tungejua makaburini, upande wetu na upande wao.

Akaniambia kwamba duara lao la kwanza, lile waliloliacha, liko hatua chache kutoka njia wanayopita watoto wa shule, na waliliacha wazi. Alikuwa amekwenda siku mbili zilizopita na magogo na miiba, akaliziba. Wenzake walimwona, wakamwuliza kama amepata kazi ya serikali. Alinionyesha viganja vilivyochanika, akinisubiri nimsifu.

Nikamwuliza maduara mengine yaliyoachwa wazi huko ni mangapi. Akasema hajui. Nikamwambia basi hilo ndilo swali lake la leo, na asilijibu leo; alale nalo. Alilala hapa. Alfajiri aliondoka na panga langu bila kuomba, na nilimwona, nikamwacha aende nalo.

Majamvi yale hayapo tena. Pamba imepungua, watoto wa leo hawajui fifi ni nini, na mahali pa kisima cha babu pana mashimo ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Bibi amelala upande wa mashariki wa nyumba iliyoanguka. Mwinjilisti alizikwa na kitabu chake kilichovimba, jambo ambalo nililiona la busara wakati ule, na sasa naliona la hasara.

Ile Biblia yenye ukingo mwekundu mwanangu alikuja nayo safari ya pili, akaiacha juu ya kiti. Nilimwagiza mjukuu wangu, huyu anayeandika haya, atafute agizo la shimo lisilofunikwa. Alisoma haraka haraka, kama wanavyosoma wote. Nikamrudisha mwanzo mara tatu, mpaka akasoma kwa taabu. Kisha nikachomoa unyuzi wa pamba kwenye mto wangu, nikauweka hapo. Ni ukurasa mmoja. Zilizobaki bado zimegandana, na mjukuu wangu ananitazama akitaka kunyanyuka, na hajauliza kitu.