Mtungi wa Jirani

Makao ya wazee ninakofikiria kumpeleka mama yananuka vanishi mbichi. Harufu ile ilinirudisha utotoni, kisiwani Chula, ambako mashua zilipakwa mafuta ya papa mbele ya nyumba hadi uji wetu ukanuka.

Nyanya yangu alikuwa ameisahau nyumba yake. Aliingia yoyote aliyoikuta wazi, na zote zilikuwa wazi. Asubuhi moja nilimfuata kwa jirani, nikiona aibu. Alisimama katikati ya ukumbi akafoka kwa lahaja ya kwetu:

"Mchu gani kaondosha mtungi wangu?"

Jirani akaacha kupika. "Tuwie radhi, bibi. Wataka tuuweke wapi?"

"Hapo mlangoni! Hata kuuliza hamuulizi!"

Jirani akausukuma mtungi wake mwenyewe, umejaa maji, hadi mlangoni. Nyanya akatulia, akaketi, akamkaribisha mwenye nyumba chai. Mwenye nyumba akashukuru.

"Milango yote hufungwa kwa namba za siri," msimamizi wa makao ya wazee alinieleza kwa fahari. "Hapotei mtu hapa."

Nilikuwa nimeandaa maswali mengi ya kisomi. Yote yalinitoka.

"Mama akiingia chumba cha mwenzake," niliuliza, "akasema kitanda kimewekwa vibaya, nani atakisogeza?"