Kardani ya Makala

Wananchi wote wanajulishwa kwamba hali upande wa Mitwaba ni shwari, usalama umerudi, na kila mtu anaombwa abaki pale alipo na kuendelea na shughuli zake kwa utulivu. Mheshimiwa aliyesoma maneno hayo redioni, mkuu wa eneo hilo, alikuwa huko huko Mitwaba, na sauti yake haikuyumba.

Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo huko Kivu, alizima redio mjini Lubumbashi akaenda kumtafuta fundi. Mtu aliyekulia Kivu anajua kwamba utulivu ukitangazwa, ni wakati wa kumfuata mkeo. Olive wake alikuwa kule Mitwaba kwenye duka lao la chumvi, simu zimekatika, na wenye bunduki wameshatoka porini. Kilichomzuia Kasereka ni kardani ya jipu lake, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Jiwe lilikuwa limeipasua.

Haikuwa kardani ya kila mtu. Aliyemuuzia gari alimweleza, naye akawaeleza abiria wote tangu hapo: nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko nywele, zinalowekwa gundi, mashine inazizungusha kimshazari juu ya bomba la chuma, tabaka juu ya tabaka, zinaokwa tanurini, kisha bomba linachomolewa. Ni nyepesi, haipati kutu. Mahali pa kupata nyingine Lubumbashi, muuzaji hakugusia.

Mutale, fundi wa mtaa wa Annexe, hakuisikiliza hotuba hiyo. Kwake kardani iliyopasuka inachomelewa, "inasudwa" kama asemavyo mwenyewe, basi. Akavaa miwani, akagusisha waya wa umeme. Ukatoka moshi mweusi wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa motoni.

"Patron, hii kintu haiko chuma."

"Nilikuambiaka iko carbone."

"Carbone ni nini mu Kiswahili?"

Kasereka akafikiri. "Makala."

"Sasa patron, unaniletea makala nisude? Ungeita mama wa kusoko, anaijua kunishinda."

Wakapata kardani ya chuma kwenye gari bovu, ndefu kupita kiasi. Mutale akaikata, akaiunga, akaipima kwa jicho. Jipu likaondoka likitetemeka kama mwenye malaria.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, gari la yule mheshimiwa wa redioni lilikuwa linaingia. Olive alikuwa nyuma, juu ya mizigo. Alipewa nafasi kwa sharti la kushikilia friji ya mheshimiwa isianguke.