Makopa Yangu, Safari Yake

Wivu ninao. Nasema mapema ili mtu asije akanisengenya baadaye. Kanisani kwetu Buzuruga wanafundisha kwamba wivu ni dhambi, nami naitikia amina kwa sauti, halafu nikimkumbuka mwenzangu yule na begi lake jipya la magurudumu pale uwanja wa ndege, roho inaniuma kama jino bovu.

Mimi ni afisa kilimo, wakulima wananiita bibi shamba. Mwenzangu naye ni afisa kilimo. Tumesoma chuo kimoja, tuko ofisi moja, meza zetu zinatazamana. Tofauti ni kwamba yeye ana nyota. Akichelewa kikao watu wanamsogezea kiti. Nikichelewa mimi naulizwa nilikuwa wapi.

Basi ikaja habari kwamba kuna nchi imeomba kujiunga na jumuiya ya nchi zetu hizi. Kuomba ni rahisi. Kazi ni kuirekebisha sera yao ya kilimo ilingane na ya wanachama: viwango vya mazao, ukaguzi wa mpakani, ushuru, hata dawa za shambani. Wenzetu wakakwama kwenye mihogo. Kwao kila kaya inalima mihogo, lakini makopa yao, yaani ile mihogo iliyomenywa na kukaushwa, yalikuwa na ukungu, na jumuiya haitaki ukungu. Wakaamua kutuma wataalamu wao Mwanza, waone kikundi cha wakulima kilichofikia kiwango. Tena wakasema watachagua mtu wetu mmoja aende akakae nao mwaka mzima, awasaidie kuiandika sehemu hiyo ya sera na kuwafundisha maofisa wao.

Nikajua mtu huyo ni mimi. Angekuwa nani mwingine? Kikundi chenyewe ni cha akina mama wa ng'ambo ya ziwa, ukishuka kivukoni Kamanga unaendelea kidogo, na mimi ndiye niliyekilea. Nilipofika mara ya kwanza walikuwa wanaanika makopa juu ya mwamba, kama bibi zao, na mbuzi wanapita humo humo. Nikawaambia mwamba basi, tujenge vichanja. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Bibi shamba, jiwe hili limelisha ukoo mzima. Nani amekufa?"

Nikavuka na kivuko jua na mvua. Nikamenya nao, nikakata nao vipande vyembamba, vidole vikaota sugu. Lori lao la kwanza lilirudishwa mpakani kwa sababu ya ukungu, wakalia, nikalia nao. Tukaanza upya, tukakausha vizuri, na lililofuata likapita. Mwenzangu alikuwa amekanyaga pale mara mbili tatu tu, tena na viatu vya visigino.

Siku ya ugeni bosi alimpa yeye kipaza sauti, mimi nikapewa katoni ya maji ya kugawa. Sikujali. Nilijua swali lenyewe litakuja. Na kweli, wageni wakazunguka vichanja, wakavunja kopa, wakanusa, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mkuu wa msafara, mzee mpole wa suti ya kahawia, akauliza, "Akina mama, nani aliyewafundisha haya yote?"

Nikaweka katoni chini, nikanyoosha gauni.

Mama mwenyekiti wa kikundi, ambaye nimekula naye sahani moja miaka yote ile, aliniangalia. Halafu akanyoosha mkono akamwonyesha mwenzangu. "Huyu hapa!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Mwenzangu alifungua mdomo, nadhani alitaka kukataa, ila vigelegele vilipozidi akaufunga, akatabasamu. Yule mzee akanigeukia. "Na huyu dada?"

"Huyo huwa anamsindikiza," akasema mama mwenyekiti.

Jamani! Kumsindikiza! Natamani ungeiona sura yangu siku ile. Nilirudi mjini, na kabla mvua hazijaanza mwenzangu akapewa safari. Ofisi nzima tulikwenda kumuaga, nami nikapiga picha naye huku nikicheka. Alipofika huko akaanza kurusha picha kwenye simu: yuko na waziri, yuko na maofisa waliomzunguka wanaandika, ameshika kopa kama mtu aliyeshika kipande cha sabuni. Nilikuwa nazitazama zote. Nikizifunga, nazifungua tena.

Kikundi nikakisusa. Wakipiga simu nawaambia nina homa. Mwishowe bosi akaniuliza kulikoni, ikabidi nivuke, na nilivuka na hasira zangu zote.

"Shikamoo," nikasema kavu, nimesimama mbele yao wakimenya mihogo.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mama mwenyekiti. "Mbona umekonda?"

"Mama, niliwakosea nini?"

Wakatazamana, wakaanza kucheka chini chini, visu vikiendelea kumenya. Mama mwenyekiti ndiye aliyejibu. "Wewe si umekulia Usukumani? Mnunuzi akiingia zizini, unamwonyesha ng'ombe unayemkamua?"

Sikumwelewa. Akacheka tena.

"Tulisikia wageni wanakuja kuchukua mtu. Tukakaa hapa hapa, tukajadili. Tukisema ni wewe, watakuchukua. Tukakubaliana tumsifu yule mwingine, wamchukue yeye."

Nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye maziwa mengi kuliko wote, na siku mnunuzi akija, yule ndiye anayepondwa: mkorofi, mgonjwa, hana faida. Nimeyasikia hayo tangu mtoto. Sikuwahi kufikiria kwamba ipo siku nitapondwa mimi.

"Lakini ile safari nilikuwa naililia!" nikapaza sauti. "Si mngeniuliza kwanza?"

"Tungekuuliza," akasema, wala hakuinua macho, "ungetuambia unataka kwenda."

Mama mmoja akasogea akanipisha kwenye gogo, mwingine akaniwekea kisu mkononi na fungu la mihogo mbele yangu. Nikakaa. Nikamenya huku machozi yananitoka, namwonea mwenzangu wivu palepale kati ya watu wanaonipenda kuliko alivyowahi kupendwa yeye. Waliniacha nilie mpaka nikamaliza, na hakuna hata mmoja aliyeniomba msamaha.