Kipimo Kilisema Nitapona, Mume Wangu Akainama

Admin, tafadhali ficha jina langu, Voi ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Kaloleni na mume wangu na watoto wetu. Yeye anauza vipuri vya malori kule Maungu.

Nilianza kukojoa damu. Nikadhani ni mambo ya kike tu, nikanywa dawa za chemist mpaka nikaishiwa nguvu. Hospitalini walipitisha kamera kwenye kibofu wakakuta uvimbe, na kinyama walichokata kikapimwa kikawa kansa. Daktari akasema hawezi kunipasua kabla ya CT scan, ajue kama ugonjwa uko kwenye kibofu tu au umeshaenea. "Ukiwa umefika mapafuni, upasuaji hautauondoa," akasema.

Mume wangu akanipeleka Mombasa. Walinidunga dawa ya mshipa, mwili ukashika moto mpaka nikadhani nimejikojolea. Nililala kwenye ile mashine nikiomba tu niwaone watoto wakimaliza shule.

Daktari aliangalia picha akatabasamu. "Mama, haijaenea. Tutatoa kibofu, utavaa mfuko wa mkojo, lakini una nafasi nzuri ya kupona."

Nililia. Nikamgeukia mume wangu nimshike mkono. Alikuwa ameinama. Akauliza tu, "Una uhakika, daktari?"

Akatoka kupiga simu. Nilipokuwa msalani nikamsikia nje ya dirisha: "Wanasema atapona... Usilie, mpenzi. Hata mimi nilidhani hatafika Krismasi."

Nilibaki pale nimeshika ukuta mpaka nesi akaja kuuliza kama naumwa.

Jumapili mume wangu alisimama kanisani akashuhudia vile Mungu ametenda. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaninong'oneza, "Una bahati, wanaume kama huyu wameisha."

Operesheni ni wiki ijayo. Mama yangu yuko Marungu, macho yamemwishia, hawezi kuniuguza. Nikirudi nyumbani, wa kunibadilishia mfuko ni mume wangu. Juzi aliniletea uji kitandani, akanibembeleza ninywe. Alipoenda kuoga nikaumwaga dirishani.

Ndugu zangu, nimwambie nilisikia, ama ninyamaze anihudumie kwanza nipate nguvu? Msinitukane. Niambieni tu, ungekuwa wewe, ungekunywa ule uji?