Mlio katika Sikio la Bakari

Asubuhi ile tulikuwa tunapakua unga kwenye bandari ya zamani ya Moroni. Meli kubwa haziingii mle. Hutia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa matishari na sisi tukaipokea mabegani. Bakari alikuwa mbele yangu, akiimba kasida chini ya gunia. Kwao Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, kila Maulidi, yeye ndiye aliyetoa sauti ya kwanza, na safu nzima ya wanaume ikamwitikia. Macho yakiwa yamefumbwa, aliweza kumjua aliyechelewa kuitikia.

Ghafla alitua gunia, akagusa sikio, midomo ikamsalia Mtume.

"Kuna nini?"

"Sikio limelia. Likilia, ujue umetajwa mahali pema, nawe umsalie Mtume. Ninyi wa Moroni mama zenu hawakuwafundisha?"

"Sisi likilia tunasema maji yameingia."

"Ndiyo maana hamtajwi!"

Baadaye alijiunga na kikosi cha walinzi wa rais, kile kilichoongozwa na wazungu wa kukodiwa. Alitaka mshahara wa kudumu kabla ya kuoa. Mimi, niliyeacha shule mapema nikawa mtu wa kuzunguka kila palipo na jambo la kutazama, nilipata kibarua cha kuwabebea masanduku ya makombora hadi kwenye uwanda wa mawe meusi nje ya mji.

Mzinga wao ulikuwa bomba tu la chuma lililosimama kwa miguu miwili. Bakari alitumbukiza kombora mdomoni mwa bomba, akainama. Shati langu likasukumwa kifuani kana kwamba mtu amenipiga kofi. Sikuwahi kujua kuwa sauti ina mkono. Nikaweka chini ndoo ya maji ya kunywa niliyowaletea, nikaona maji yakitetemeka hata baada ya mlio kupita. Nikasogea karibu zaidi nione vizuri.

Mzungu aliyewafunza alivaa vikombe vya mpira masikioni. Askari walipewa pamba. Bakari aliitoa yake akaitia mfukoni.

"Irudishe," nilimwambia.

"Nizibe vipi? Tangu jana linalia halinyamazi." Uso wake uling'aa, midomo ikienda. "Mwone yule na vikombe vyake. Anaogopa kutajwa!"

Tulicheka sote.

Kisha wanajeshi wengine waliasi, wakajifungia nyuma ya ukuta wa kambi yao pembeni mwa mji. Kikosi cha Bakari kilipelekwa, nami nikaenda na masanduku. Nililala kifudifudi nyuma yake.

Bakari alitumbukiza kombora. Akatumbukiza tena.

Vumbi lilipanda. Niliona midomo ya watu ikifunguka, sauti sikuzisikia.

Shati jeupe lilitokea juu ya ukuta, limefungwa kwenye ufito.

Kamanda wetu aliinua mkono kusimamisha, akapaza sauti. Bakari alikuwa amempa mgongo.

Akatumbukiza jingine.

Hakuna aliyempiga wala kumshtaki. Walimwondoa tu kwenye mzinga. Nilimsindikiza kwao Mutsamudu, na pale Hombo, mtaa wa juu ya mji, tukaingia hospitalini. Daktari alisugua vidole karibu na sikio lake, kulia, kisha kushoto. Bakari alingoja, kama mtu ambaye bado hajaanza kupimwa.

Nilimuuliza daktari mambo mengi, naye hakuchoka. Alisema ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Mshindo mkubwa huvilaza kama nyasi zilizokanyagwa. Vingine huinuka. Vingine haviinuki tena.

"Na huu mlio?" Bakari aliuliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Daktari akamsogelea sikioni. "Hautoki nje. Ni sikio lenyewe limeumia."

"Kwa hiyo hakuna anayenitaja?"

Daktari alinitazama mimi.

Maulidi yalipofika walimpa nafasi yake, kwa heshima. Alitoa sauti ya kwanza, ikawa nzuri kama zamani. Safu ikaitikia, ikamaliza, ikanyamaza. Bakari hakujua. Aliendelea peke yake mpaka mjomba wake alipomshika bega. Hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata alisimama mwisho wa safu, akitazama midomo ya jirani yake.

Miaka mingi imepita. Nimezunguka visiwa vyote, na kila nikifika Mutsamudu hupanda hadi Hombo kumsalimia. Mara ya mwisho nilimkuta barazani, midomo ikienda vilevile. Nilimwinamia.

"Kaka, bado unamsalia? Daktari si alikwambia?"

"Aliniambia. Halinyamazi, basi na mimi sinyamazi." Akaligusa sikio. "Zamani nilidhani natajwa mimi. Sasa thawabu nawapelekea wale waliokufa nyuma ya ukuta. Wao nani anawataja?"

Nikaketi kando yake barazani.

Sikio langu la kushoto hulia pia, tangu siku ile ya ndoo. Najua kwa nini linalia, nilielezwa vizuri. Majina ya watu wale siyajui, wala sijui walikuwa wangapi. Likilia, namsalia Mtume.